Amplifaya ndogo ya bei poa: uanze na opampu, kapasita au rezista?

Kipande nilichokinunua kwa bei kubwa kuliko vyote ndicho kilichoongeza kelele. Ilikuwa opampu (chipu ndogo ya kukuza sauti kabla ya chipu kuu) aina ya LM4562, kidude cha miguu minane, nikaichomeka mahali pa NE5532 iliyokuja na amplifaya. Nilishaambiwa kwamba ni safi zaidi, ina kasi zaidi, na kwamba ukiifunga tu sauti "inafunguka". Usiku nikazima feni, nikachomeka simu bila kupiga muziki, nikafungua volyumu robo tatu na kutega sikio kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Shiiii. Nikarudisha ile NE5532 ya bei ya soda. Shii ikapungua. Nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea mahali.

Sikuwa nimekosea. Hesabu yake nitaiweka huko mbele, maana ndiyo iliyopindua mpangilio wangu wa kazi: siku hizi naanza na rezista (vipande vinavyopunguza mkondo), nafuata kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme kidogo), na opampu naigusa mwisho, tena nikiwa na sababu. Wengi wetu tunaochezea hivi vitu nyumbani tunafanya kinyume, kwa kuwa opampu ndiyo yenye jina, na ikiwa kwenye soketi unaibadilisha bila hata kuwasha chuma cha kulehemu.

Amplifaya ninazozungumzia ni zile ndogo za klasi D zilizojaa Kariakoo, Dar, na Luthuli Avenue, Nairobi, au unazoagiza mtandaoni: boksi la ukubwa wa kiganja, adapta ya volti 12 hadi 24, Bluetooth, jeki za RCA nyuma, na ndani chipu ya TPA3116D2 ya Texas Instruments. Mtengenezaji anasema chipu hiyo inatoa wati 50 kila upande kwenye spika za omu 4 ikilishwa volti 21. Ukiilisha volti 12 utapata kama 15 kabla sauti haijaanza kuchanika, na kwa sebule ya kawaida hizo zinatosha. Ninaposema mlango wa sauti nina maana ya njia yote kutoka jeki za nyuma, kupitia volyumu na opampu, hadi kwenye miguu ya chipu inayopokea sauti. Yaliyo baada ya hapo, yaani koili na spika, leo siyagusi.

Kwanza jua kelele inatoka wapi

Chomeka simu, usipige chochote, funga volyumu hadi mwisho, tega sikio kwenye twita. Kama shii ipo hata volyumu ikiwa imefungwa, haitoki kwenye simu wala kwenye volyumu. Inazaliwa baada ya hapo, na dawa yake karibu kila mara ni kupunguza ukuzaji wa chipu, yaani kiasi inachozidisha sauti. Sasa fungua taratibu. Shii inayopanda kadiri unavyofungua inatoka kwenye volyumu yenyewe, kwenye opampu inayoifuata, au kwenye chanzo. Kuitenga ya chanzo ni rahisi: chomoa simu, weka jeki ya RCA ambayo ncha yake umeiunganisha na ethi (upande wa sifuri wa umeme) kwa kipande cha waya, usikilize tena.

Mvumo mzito, ule wa "mmmm", ni ugonjwa mwingine kabisa. Ukija pale tu unapochomeka kompyuta iliyo kwenye chaji, wala usinunue opampu. Nitaurudia.

Na kuna malalamiko ambayo si kelele: besi imekonda, au volyumu ikiwa chini upande mmoja unasikika na mwingine umelala. Haya yana dawa za bei rahisi kuliko zote, na bado watu wanayatibu kwa opampu.

Rezista mbili za ukuzaji

TPA3116D2 ina viwango vinne vya ukuzaji: desibeli 20, 26, 32 na 36. Kwa lugha ya kawaida chipu inazidisha sauti mara 10, mara 20, mara 40 au mara 63. Kiwango kinachaguliwa na rezista mbili kwenye mguu wa 8: moja inaenda ethi, nyingine inaenda mguu wa 7. Nimekutana na bodi zilizopangwa juu kabisa, nadhani kwa sababu mteja dukani akizungusha volyumu kidogo tu na spika zikapiga kelele, anaamini amplifaya ina nguvu.

Ona kinachotokea nyumbani. Kwa adapta ya volti 12 chipu inafika mwisho wake ikitoa kama volti 7.8. Ukuzaji ukiwa desibeli 36, volti 0.12 tu zikiingia kwenye chipu zinatosha kuifikisha hapo. Simu nyingi hutoa kati ya nusu volti na volti moja, na CD pleya hutoa 2. Kwa hiyo unatumia kipande kidogo cha mwanzo wa volyumu, mshale ukiwa kati ya namba 8 na 9 za uso wa saa, na sehemu yote iliyobaki ni ya kuchana sauti. Hapo mwanzoni ndipo volyumu za bei rahisi zinapokosana zaidi kati ya kushoto na kulia. Ukishusha ukuzaji hadi 20, utafungua volyumu zaidi kwa sauti ileile, na pande mbili zitalingana bila kununua volyumu mpya.

Shii nayo inashuka. Kutoka 36 hadi 20 ni desibeli 16, maana yake kelele yoyote iliyozaliwa kabla ya chipu inatoka kwenye spika ikiwa imepungua mara sita hivi. Hakuna opampu duniani itakayokupa hilo.

Kwa desibeli 20 unaweka kilo-omu 5.6 kutoka mguu wa 8 kwenda ethi, na ile rezista ya kwenda mguu wa 7 unaiondoa kabisa. Kwa 26 unaweka kilo-omu 20 kwenda ethi na 100 kwenda mguu wa 7. Chipu inasoma rezista hizi inapowashwa tu, basi usishangae ukibadilisha na kuona hakuna tofauti hadi uzime na kuwasha tena. Rezista zenyewe ni punje za mchele. Nunua hata kumi, maana mbili zitaruka na kupotelea sakafuni.

Hasara ipo. Ukiwa na adapta ya volti 24, simu inayotoa nusu volti kwenye ukuzaji wa desibeli 20 itakupa kama wati 6 kwenye spika za omu 4, basi. Kwa hiyo mimi naweka 20 kwenye volti 12, na 26 kwenye volti 24. Halafu angalia kama opampu iliyo mbele nayo inakuza. Kwenye baadhi ya bodi inazidisha mara tatu au zaidi, na hapo unaweza kushusha chipu hadi 20 bila wasiwasi wowote.

Kapasita, na sababu besi inapotea

Kabla ya kila mguu wa kupokea sauti kuna kapasita inayozuia umeme wa moja kwa moja usipite. Kapasita hiyo ikishirikiana na ukinzani wa mlango wa chipu inakata sauti nzito. Jambo ambalo hata mimi lilinipita kwa muda mrefu ni kwamba ukinzani huo unabadilika na ukuzaji. Angalia masafa ambayo besi inakuwa imeshuka desibeli 3 (µF ni mikrofaradi, kipimo cha ukubwa wa kapasita):

| Ukuzaji | Ukinzani wa mlango | Kapasita 0.22 µF | Kapasita 1 µF |
|---|---|---|---|
| 20 dB | kilo-omu 60 | hezi 12 | hezi 2.7 |
| 26 dB | kilo-omu 30 | hezi 24 | hezi 5.3 |
| 32 dB | kilo-omu 15 | hezi 48 | hezi 11 |
| 36 dB | kilo-omu 9 | hezi 80 | hezi 18 |

Bodi yenye 0.22 na ukuzaji wa 36 inakula besi kuanzia hezi 80, na hilo unalisikia bila kuambiwa. Mtu anafungua boksi, anaweka kapasita ya 1, besi inarudi, anasifia chapa ya kapasita. Mwenzake anashusha ukuzaji hadi 20, kapasita ni ileile ya 0.22, na besi imerudi vilevile hadi hezi 12. Ndiyo maana rezista nimeziweka mbele: zinatibu magonjwa mawili kwa shilingi za pipi.

Kama ukuzaji umeshashuka na kapasita ni 1 tayari, kuongeza hadi 4.7 au 10 hakuna faida. Spika yako ya inchi tano au sita haifiki huko chini, na kapasita kubwa inachelewa kujaa, kwa hiyo kila ukiwasha unapata "pu!" kwenye spika.

Aina ndiyo yenye mjadala. Zile ndogo za seramiki zilizolala kwenye bodi zina tabia ya kubadilika kadiri volti zinavyopanda na kushuka, na nyingine ukizigonga kwa penseli unasikia mlio wa kugonga kwenye spika. Hizo nazitoa bila kuuliza. Elektrolitiki (zile za kikopo) nzima, isiyovimba, kwa thamani ya kutosha, inafanya kazi vizuri kuliko sifa zake, na ukiibadilisha kwa ya filamu, yaani ya utando wa plastiki, tofauti ni ndogo. Faida moja ya filamu ambayo sibishani nayo ni kwamba haina chanya wala hasi na haikauki. Kwa joto la Dar, ndani ya boksi lisilo na matundu, hilo si dogo. Tafuta ya poliesta, 1 µF, volti 63, miguu iliyoachana milimita 5. Zipo pia kwenye bodi za televisheni zilizokufa, na fundi wa mtaani atakuachia kwa bei ya chai.

Tahadhari moja. Chipu hii inapokea sauti kwa jozi: miguu ya 4 na 5 kwa kulia, ya 10 na 11 kwa kushoto. Hata pale ambapo mmoja wa jozi umeenda ethi, nao una kapasita yake. Badilisha zote nne kwa thamani moja. Ukibadilisha mbili tu, jozi hazijai kwa wakati mmoja, na ile "pu!" inarudi.

Nikitaka kujua kama masikio yangu yananidanganya, nabadilisha upande mmoja tu kwanza. Kwenye simu kuna mpangilio wa sauti ya mono, uko kwenye vipengele vya ufikivu. Nauwasha, napiga wimbo mmoja wenye gitaa la besi lililo wazi, naweka spika mbili bega kwa bega, na kumwomba mtu anayepita aniambie ipi ni ipi. Shemeji yangu alishindwa kutofautisha filamu na elektrolitiki mara nyingi kuliko alivyoweza. Upande wenye 0.22 kwenye ukuzaji wa 36 aliukamata papo hapo.

Opampu: hesabu niliyoahidi

Volyumu ya kilo-omu 50, ikiwa mahali ambapo inapunguza sauti kwa nusu, inaonekana kwa opampu kama rezista ya kilo-omu 12.5. Rezista yoyote ina shii yake ya asili, na hii inatoa kama nanovolti 14 kwa kila mzizi wa hezi (kipimo cha kelele; namba ndogo ndiyo bora). NE5532 yenyewe ina 5. Lakini opampu pia ina kelele ya mkondo, ambayo inazidishwa na ukinzani unaoiona. Kwa NE5532 ni pikoampea 0.7, ukizidisha kwa kilo-omu 12.5 unapata kama nanovolti 9. Kwa LM4562 ni pikoampea 1.6, unapata 20.

Jumla, kwa kanuni ya miraba (kila namba unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha, unatafuta mzizi): NE5532 inafika 17, OPA2134, opampu nyingine inayosifiwa, inafika 16, na LM4562, ile ya fahari, inafika 25. Sikio langu usiku ule lilikuwa sahihi. LM4562 ni nzuri sana pale inapoona ukinzani mdogo. Nyuma ya volyumu ya kilo-omu 50 inapoteza kwa kidude cha bei ya soda. Na hiyo OPA2134, inayosifiwa kwa mlango wake wa FET (aina ya transista isiyovuta karibu mkondo wowote), inaishinda NE5532 kwa nusu desibeli, kiasi ambacho hutakisikia.

Kuhusu kasi: sauti ya hezi 20,000 yenye kilele cha volti 2 inahitaji kama volti 0.25 kwa mikrosekunde. NE5532 ina 9. Anayekuuzia opampu ya 20 kwa sababu ya kasi anakuuzia spidi ya gari kwenye foleni ya Mwenge.

Basi opampu uibadilishe lini? Kama imekufa, kama ni bandia, au kama unabadilisha na volyumu. Bandia ni nyingi: juu imekwanguliwa na kuandikwa upya. Nilishanunua tano mahali pamoja, mbili zikafutika maandishi kwa pamba yenye asetoni, na moja ilikuwa ya moto kuishika ndani ya dakika moja.

Ukiamua kubadilisha, hakikisha ni yenye opampu mbili ndani. NE5534 ni moja, haiingii mahali pa NE5532. Pima volti kati ya mguu wa 8 na wa 4 kabla ya kununua. OPA2134 inavumilia hadi 36, lakini AD8656, ambayo nayo husifiwa, mwisho wake ni 5.5, na kwenye bodi ya volti 12 itakufa kimyakimya. Zenye masafa mapana kama LM4562 zinataka kapasita ya 0.1 µF karibu kabisa na miguu ya umeme, la sivyo zinaweza kuanza kupiga mluzi juu ya upeo wa sikio. Dalili yake ni opampu kuwa ya moto bila muziki.

Kama imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, peleka kwa fundi simu mwenye bloa, kile kipuliza hewa ya moto. Mimi niliivuta ya kwanza kabla lehemu haijayeyuka kwenye mguu mmoja, ikatoka na njia yake ya shaba. Hadi leo bodi hiyo ina kijiwaya chembamba kama unywele kinachopita juu ya opampu.

Volyumu ya kilo-omu 10

Hii watu wanaipita, nami kwa umuhimu naiweka juu ya opampu. Ukiondoa volyumu ya kilo-omu 50 na kuweka ya 10, ukinzani unaoonekana kwa opampu unashuka kutoka 12.5 hadi 2.5, na hesabu ile ya NE5532 inashuka kutoka 17 hadi kama 8. Shii imekatwa nusu na opampu hujaigusa. Sasa hata LM4562 inarudi kwenye heshima yake, nayo inafika 8. Kwa simu, kompyuta na CD pleya kilo-omu 10 si mzigo. Angalia tu kapasita iliyo kati ya jeki na volyumu, kama ipo: 1 µF na kilo-omu 10 zinakata kwenye hezi 16, sawa, lakini 0.47 inakata kwenye 34, na hapo uiongeze. Hakikisha pia miguu sita ya volyumu mpya imepangana na matundu ya bodi. Mimi nilirudi dukani mara mbili.

Kuruka opampu kabisa

Kuna wanaovuta waya kutoka volyumu moja kwa moja hadi kapasita za chipu, wakiacha opampu na vidhibiti vya besi na trebo pembeni. Inafanya kazi, na wasiogusa vidhibiti hivyo hawakosi kitu. Ila ukinzani wa mlango unarudi kukusumbua: volyumu ya 50 ikilishwa kwenye mlango wa kilo-omu 9 inapoteza zaidi ya nusu ya sauti njiani, na inazunguka kwa namna ya ajabu, kimya kirefu halafu kishindo. Shusha ukuzaji hadi 20 kwanza, au weka volyumu ya 10. Bila moja ya hayo, acha opampu ilipo.

Ule mvumo

Mvumo unaokuja na kompyuta ni wa ethi mbili kukutana, na kinachousaidia ni transfoma ndogo ya kutenganisha, ile ya omu 600 kwa 600 inayouzwa pia kwa redio za magari. Za bei rahisi zinachoka kwenye besi kubwa, basi itumie pale tu unapouhitaji. Milio ya "tititi" inayobadilika simu inapojiunga na Bluetooth inatoka kwenye umeme wa bodi ya Bluetooth, unaochangia ethi na sauti. Kwenye bodi za Bluetooth za volti 5, kijibodi cha B0505S, kinachopokea volti 5 na kutoa volti 5 zilizotengwa, kimenisaidia mara zote mbili nilipokitumia.

Nilivyo sasa: adapta ya volti 12, ukuzaji wa desibeli 20, kapasita nne za filamu za 1, volyumu ya kilo-omu 10, na NE5532 ileile iliyotoka kiwandani.

Wenye amplifaya za chipu ya TPA3255, zile kubwa kidogo kama Aiyima A07, mpangilio wenu ni tofauti. Ukuzaji wa chipu hiyo umefungwa ndani kwenye desibeli 21.5, hakuna rezista ya kuchezea, na opampu iliyo mbele ndiyo inayogawa sauti kuwa jozi, kwa hiyo kuiruka si kazi ya waya mmoja. Kwenu ukuzaji unashushwa kwenye rezista zinazoizunguka opampu. Zifuateni kwa mita, moja baada ya nyingine, na mchore kwenye karatasi kabla ya kuwasha chuma.